Pipa la Mwalimu

Katika nyumba zote kumi na mbili za mtaa wa juu, mtaa wa mwisho kabla ya msitu, kitu pekee kilichobaki kimesimama vilevile kilikuwa pipa. Pipa la chuma la mafuta, limetobolewa matundu ubavuni kwa msumari, limekaa juu ya matofali matatu nyuma ya nyumba iliyokuwa ya Mwalimu. Nyumba yenyewe ilikuwa kuta nne na anga.

Futikamba alilizunguka mara mbili kabla ya kuligusa. Jina hilo alipewa kazini kwa sababu hakuwahi kuonekana bila futikamba ya chuma mkobani, na kwa sababu, kama walivyomsengenya wenzake, hata pole za msiba alizipima kwanza ndipo akazitoa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mkaguzi wa madai katika kampuni ya bima, na huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa. Kampuni ilipohisi kwamba mteja anaficha jambo, ilimtuma yeye.

Safari hii meneja wa madai, ambaye kila mtu alimwita Bosi, hata waliomzidi umri, hakumzungusha. Nyumba kumi na mbili zimeteketea kwa moto mmoja. Mikataba ya mtaa ule ilikuwa na kifungu kipya, kilichoingizwa mwezi wa pili: moto ukiwashwa na mkono wa mkazi wa mtaa, kampuni haimlipi mkazi yeyote wa mtaa huo. Na majirani walikuwa wakisema waziwazi kwamba moto ulianzia kwenye pipa la mwalimu mstaafu, aliyeonekana akichoma majani asubuhi ya siku ileile.

"Nithibitishie pipa tu, dada," Bosi alimwambia. "Mengine niachie mimi."

Ilikuwa wiki ya tatu tangu moto. Mvua haikuwa imenyesha hata tone. Kabla ya moto kulikuwa na siku kumi na nne za joto ambalo wazee hawakukumbuka mfano wake, na baada ya moto joto liliendelea kana kwamba halikuona lililolitenda. Majivu yaliingia viatuni, masikioni, ndani ya kurasa za daftari.

Mwalimu alikuwa akiishi kwenye stoo ya zege iliyonusurika, aliyoipaua kwa turubai la msaada. Alimkaribisha mkaguzi kwenye kiti pekee, yeye akakaa juu ya debe. Alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka thelathini na minne, na alijibu maswali vile ambavyo bila shaka alitaka wanafunzi wake wajibu: mwanzo, hatua, jibu, hakuna maneno ya kujaza karatasi. Ndiyo, alichoma majani. Aliwasha saa moja na robo asubuhi, kabla upepo haujaamka. Saa mbili na nusu alizima kwa ndoo mbili za maji, akavuruga kwa fimbo, akamwaga ndoo ya tatu. Alichoma kwa sababu barua ya kampuni ilimwagiza kuondoa majani makavu yote umbali wa mita thelathini kuizunguka nyumba, la sivyo bima yake ingekatwa. Gari la taka halikupanda mtaa wa juu. Majani yale angeyapeleka wapi?

Saa sita alishuka mjini kumchukulia mkewe dawa ya miguu. Mkewe alikuwa na miguu mizito, hakutembea bila mkongojo. Moto ulifika saa nane. Jirani alimburuta mama yule hadi barabarani akiwa hai, lakini alikuwa amekwisha kuvuta moshi mwingi. Alifariki hospitalini siku ya tatu.

Mkaguzi aliandika saa zote. Alipoinua macho alikuta Mwalimu anaitazama kalamu.

"Umeandika kwamba ni mimi?"

"Nimeandika ulichoniambia, Mwalimu."

"Basi ongeza kwamba ni mimi. Mtaa mzima umeshasema. Mimi mwenyewe nimepiga hesabu usiku na mchana, kila nikipiga napata jibu hilo. Cheche moja ilibaki chini, upepo ukaichukua. Sina njia nyingine ya kupata jibu."

Mkaguzi hakuongeza neno hilo. Alifunga daftari, akamwomba ruhusa ya kulichungulia pipa.

Alitandaza gazeti chini, akaanza kuchota kwa mwiko wa mwashi. Juu kulikuwa na majivu mepesi kama unga, yenye vipande vya sindano za misonobari, majani membamba ya miti ya msitu ule, ndani yake. Yalipeperuka kwa pumzi. Kina cha shubiri moja mwiko ulikwama. Chini ya unga ule kulikuwa na gamba gumu la kijivu, zito, lililoshikana kama saruji mbovu. Alilivunja kwa nyundo, akapata kipande kizima, akakigeuza. Kilikuwa majivu ya majani ya bustani, yaliyolowa chapachapa yakakauka. Hakikuwa na sindano hata moja ya msonobari.

Alikiweka juu ya gazeti. Majivu makavu hayagandamani. Mvua haijanyesha. Maji yale yalimwagwa na mtu, na yalimwagwa kabla majivu ya msitu hayajaanguka kutoka juu. Mwalimu alikuwa amezima moto wake, tena alikuwa ameuzima sawasawa.

Lakini kipande cha majivu hakitoshi mezani kwa Bosi, na yeye alilijua hilo. Akatoa futikamba. Kutoka pipa hadi ukuta wa nyumba: mita tisa. Kutoka pipa hadi uzio wa nyuma, unaopakana na msitu: mita ishirini na mbili. Alizipitia nguzo za uzio moja moja, zote kumi na tisa, akikwangua kwa kisu. Upande uliotazama msitu makaa yaliingia ndani ya mti kwa kina cha kidole gumba. Upande uliotazama pipa rangi ilikuwa imebabuka tu. Moto uliotoka pipani ungezila nguzo zile kutoka huku. Huu ulikuwa umezila kutoka kule.

Mkazi wa nyumba ya mbele alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Ndiye aliyemburuta mke wa Mwalimu, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Ndiye pia aliyekuwa wa kwanza kulitaja pipa. Alikuwa akilala kwa dada yake mjini lakini kila siku alipanda kuja kufukua magofu ya duka lake, na alisimulia bila kuacha kufukua.

Aliuona moshi wa pipa kwa macho yake, alisema, naye si mtu wa kutia chumvi. Mkaguzi akamuuliza saa. Ilikuwa wakati wa chai ya asubuhi. Na saa nane, moto ulipofika, alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini? Alikuwa akianua vitambaa kwenye kamba, kwa sababu upepo ulikuwa umechachamaa na ulikuwa unamng'olea vibanio. Vitambaa vilikuwa vinapepea kuelekea wapi? Mama Cherehani alisimama, akanyoosha mkono mzima kuelekea mjini, bondeni. Kisha akasikia ngurumo kama ya lori linalopanda kilima, akageuka, akaona ukuta mwekundu nyuma ya mapaa.

"Nyuma ya paa la Mwalimu peke yake?"

"Nyuma ya mapaa yote. Kwa mpigo."

Alipokwisha kulitamka aliushusha mkono polepole. Mkaguzi aliyaandika maneno yake. Alimwomba atie sahihi kwa mkono wa kushoto. Alipokuwa anaondoka, Mama Cherehani alimuuliza kwa nini basi watu wote waliona ni pipa.

"Kwa sababu pipa ndilo mlilolijua," mkaguzi alisema.

Kesho yake alipanda msituni. Kituo cha misitu kilikuwa chumba kimoja cha mbao chenye ramani ukutani na kitanda nyuma ya pazia, na aliyekuwa akikitumikia alijulikana kwa kazi yake tu, Bwana Misitu. Mtu mwembamba, mpole wa sauti, mwenye kofia iliyokuwa imeungua ukingo. Alimsalimia mgeni kwa heshima, na macho yake yakatua kwenye nembo ya kampuni mkobani. Hakumuuliza alichokuja kutafuta. Alichukua panga, akaongoza.

Walitembea nusu saa kati ya vigogo vyeusi hadi mahali penye ukanda mrefu uliopita kati ya msitu na mji. Hii ndiyo iliyoitwa barabara ya moto. Upana mita ishirini, urefu wa kilima kizima, na kazi yake ni kubaki udongo mtupu mwaka mzima, ili moto wa msituni ukifika hapo ukose cha kula, ufe. Mkaguzi alikuwa na cheti chake ndani ya faili: barabara ya moto imelimwa na kusafishwa mwezi wa kumi na moja, matawi yote ya mavuno ya miti yameondolewa. Kulikuwa na sahihi mbili na picha nne. Kwa cheti hicho kampuni iliuandika mtaa wa juu kuwa mahali salama kiasi.

Aliinama. Udongo mtupu haukuwapo. Kulikuwa na visiki vya michipukizi, mamia kwa mamia, vimeungua vikawa fito nyeusi. Alizungushia kimoja futikamba, kisha kingine, kisha cha kumi. Vingi vilikuwa na unene wa kifundo cha mkono wake.

"Mti huu huchukua muda gani kufikia unene huu, Bwana Misitu?"

"Kwa udongo wa hapa, miaka mitatu. Ukame ukizidi, minne."

"Cheti kinasema ukanda huu ulilimwa miezi michache tu kabla ya moto."

Bwana Misitu alitazama upande wa bonde.

Mkaguzi akatoa picha za cheti, akazishika mbele yake, akasogea kushoto hatua kumi hadi mikunjo ya vilima kwenye picha ikalingana na ya mbele yake. Pichani ukanda ulikuwa safi, umelimwa vizuri, na laini ya umeme ilikatiza juu yake kwa nguzo za mbao. Hapa laini ilikuwa ileile, lakini nguzo zilikuwa za zege. Aliuliza zilibadilishwa lini. Bwana Misitu akasema mwaka wa tatu sasa, yeye mwenyewe aliwafungulia geti mafundi wa umeme. Kwa hiyo picha zilikuwa za zamani, na kazi iliyolipiwa mwezi wa kumi na moja haikufanywa na mtu yeyote.

Juu ya ukanda palikuwa na marundo ya majivu, kila moja kubwa kama chumba. Mkandarasi wa kupunguza miti alikuwa amechukua magogo na kuacha matawi na vilele pale alipoviangushia, ingawa mkataba wake ulimtaka avitoe vyote. Miezi mitatu ya ukame vilikauka hadi vikawa kama karatasi. Katikati ya rundo kubwa kuliko yote lilisimama gofu la trekta la kukokotea magogo, matairi yamebaki nyaya. Wafanyakazi wa mkandarasi walimsimulia Bwana Misitu waliposhuka mbio: bomba la moshi lilikuwa bovu, lilitema cheche, na ndani ya dakika moja hapakuwa na cha kuokoa zaidi ya miguu yao. Hayo yalikuwa saa saba na nusu. Saa nane mtaa wa juu ulikuwa unawaka.

Aliandika yote. Kisha akauliza ni nani aliyetia sahihi cheti.

"Moja ni ya mkandarasi. Ya pili ni ya mkubwa wangu," alisema Bwana Misitu. "Mimi nililetewa nikakataa. Nikaambiwa najifanya msitu ni wa baba yangu."

"Ukakataa, ukakaa kimya?"

Hapo ndipo alipomgeukia kwa mara ya kwanza.

"Nilikaa kimya? Mama, mimi niliwaandikia. Niliwaandikia na nyinyi."

Bwana Misitu aligeuka, wakarudi kituoni. Alivuta droo, akatoa daftari la kupelekea barua, lile ambalo kila mpokeaji hugonga mhuri kuthibitisha kwamba amepokea. Mwezi wa kwanza, tarehe tisa, barua tatu zenye maneno yaleyale. Moja kwa makao makuu ya misitu. Moja kwa halmashauri ya mji. Moja kwa kampuni ya bima, kwa sababu alijua wanakitegemea cheti kile. Mhuri wa kampuni ulikuwapo, wa bluu, umekolea, haukuwa na shaka yoyote. Nakala yake mwenyewe ilikuwa ndani ya bahasha iliyoungua pembeni, kwa hiyo ilisomeka nusu tu. Ilisomeka vya kutosha. Barabara ya moto haikulimwa. Matawi hayakuondolewa. Joto likija kabla ya mvua, wakazi wa mtaa wa juu waambiwe wasilale bila mlinzi.

Barua iliingia mwezi wa kwanza na kifungu kikaja mwezi wa pili. Mkaguzi hakuhitaji hesabu za Mwalimu kuunganisha hayo mawili. Alishuka kilimani akiwa na jina la Bosi mdomoni.

Masijala ya kampuni ilikuwa chini ya ngazi, chumba kirefu chenye makabati ya chuma, na mkuu wake alikuwa mzee ambaye ofisi nzima ilimwita Babu Faili. Alikuwa na miezi minne tu kabla ya kustaafu. Mkaguzi alimtajia tarehe na mtumaji. Babu Faili hakufungua kompyuta. Alikwenda moja kwa moja hadi kabati la tatu, akapekua kwa vidole viwili, akalitoa faili la kijani. Kabla ya kulikabidhi alilishikilia kidogo.

"Wiki ile ilikuwa ya mafuriko ya bondeni, mwanangu," alisema. "Mnakumbuka mlivyokuwa mnakanyagana."

Mkaguzi hakuelewa kwa nini anaambiwa hivyo. Alifungua.

Barua ilikuwa nzima, kurasa mbili, mwandiko wa mkono uliotulia. Nyuma ya ukurasa wa pili palionekana njia ambayo barua ilipita. Kwanza mwandiko wa Bosi: Mkaguzi asome, ashauri. Nakala dawati la hatari. Chini yake, kwa wino mweusi, maneno mawili na herufi mbili za jina. Nimeona. Ihifadhiwe.

Mwandiko ulikuwa wake. Herufi zilikuwa zake, zenye mkia uleule alioupenda tangu shule.

Aliomba kiti. Alitoa shajara yake ya mwaka, akaifungua wiki ile, maana hakuwa mtu wa kuamini kumbukumbu. Siku ile alikuwa amerudi kutoka bondeni na viatu vilivyojaa maji, na alikuwa ameandika: karatasi za mezani, sabini na moja, zimekwisha. Kwa saa moja. Alisoma barua tena tangu juu, sentensi kwa sentensi, akitafuta iliyo ngumu kueleweka. Haikuwapo.

Babu Faili alisema kwa upole kwamba faili likiwa la kijani haliombwi mara mbili kwa mwaka, na kwamba macho yake yeye siku hizi hayaoni vizuri. Mkaguzi alimwelewa: akiichomoa barua ile, hakuna atakayemwona. Alimshukuru, akatoa nakala tatu kwenye mashine, akarudisha faili akasaini daftari la kuazimia.

Dawati la hatari za hali ya hewa lilikuwa na watu wawili na ramani moja kubwa. Hawakuwa na la kuficha, kwa sababu hawakudhani kuna la kufichwa. Ndiyo, walipata nakala. Barua nzuri sana, walisema, mara chache hupata taarifa za uhakika kiasi kile. Waliigeuza rangi ya mtaa wa juu siku ileile, kutoka njano hadi nyekundu, na wakapendekeza kifungu kipya pamoja na ile barua ya mita thelathini. Je, kuna mtu aliyewaambia wakazi? Walitazamana. Kuwaambia wakazi haikuwa kazi ya dawati lao.

Bosi alisoma ripoti akiwa amesimama. Alipofika kiambatisho cha saba, nakala ya barua, alikaa. Kwa muda mrefu aligeuza ukurasa ule mbele na nyuma. Kisha akafunga mlango na kuanza kuzungumza kwa sauti ya mtu anayemtakia mwenzake mema. Mkaguzi alikwishaliondolea pipa lawama, alisema, hilo lilikuwa wazi, na yeye hambishii. Mwalimu angeweza kulipwa kama hisani, peke yake, kwa msiba wake. Mkandarasi wangehangaika naye mahakamani. Wale kumi na mmoja wangesubiri huko. Kilichohitajika ni ripoti kuishia kiambatisho cha sita.

"Barua hii inaonyesha tulijua," mkaguzi alisema.

"Inaonyesha wewe ulijua, dada. Mimi niliandika usome na ushauri. Dawati lilifanya kazi yake. Karatasi hii ikitoka humu ndani, wa kwanza kutoka nayo ni wewe."

"Najua. Nimeshaituma kwa wanasheria, asubuhi."

Bosi alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekata kamba aliyokuwa ananing'inia kwayo. Akamwuliza kama ana akili timamu.

Wanasheria walichukua wiki tano. Mahakamani barua ile ingeigharimu kampuni zaidi ya nyumba kumi na mbili, kwa hiyo waliamua ilipe nyumba zote kumi na mbili, haraka na kimya kimya. Kwenye bahasha ileile ya taarifa ya malipo waliweka karatasi ya pili. Kwa kuzingatia mwenendo wa hali ya hewa na hali ya msitu, kampuni haitaandika tena bima ya nyumba yoyote katika kilima kile, na kampuni nyingine nne zilikuwa zimeshauriwa vivyo hivyo. Watu wangejenga tena palepale, maana hawakuwa na kiwanja kingine, chini ya msitu uleule, na safari hii bila chochote nyuma yao. Mkandarasi alihamia msitu mwingine. Bwana Misitu alipelekwa kituo cha nyanda kavu, mahali pasipo na miti ya kulinda. Na mkaguzi wa madai aliachishwa kazi kwa uzembe katika kushughulikia nyaraka. Alipoisoma barua ya kuachishwa hakuona neno la kulikanusha.

Hakusubiri bahasha zifike kwa posta. Aliomba azipeleke mwenyewe, kazi ya mwisho, na Bosi akaridhia ili asimwone tena.

Alimkuta Mwalimu mbele ya stoo, anapanga matofali yaliyosalimika kwa mafungu ya kumi kumi. Kila siku ya miezi ile miwili alikuwa amekwenda makaburini asubuhi na kurudi kupanga matofali, na majirani waliopita walipita kama mtu anavyopita mbele ya nyumba tupu. Mkaguzi alimweleza akiwa amesimama, kwa mpangilio, kama ambavyo Mwalimu angependa. Majivu yaliyogandamana. Nguzo kumi na tisa. Michipukizi, nguzo za umeme, trekta, barua ya Bwana Misitu. Moto ulipoanza msituni saa saba na nusu, pipa lake lilikuwa limezimika kwa muda wa saa tano nzima.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba arudie habari ya majivu. Akarudia. Mzee alikaa chini juu ya fungu la matofali, akaweka viganja vyote viwili juu ya magoti, akapumua kwa kinywa.

Kisha Mwalimu akauliza, kwa sauti ya kawaida, barua ya msitu ilipokelewa na nani pale kwenye kampuni.

"Na mimi," mkaguzi alisema. "Ililetwa mezani kwangu. Niliandika nimeona, na sikuwa nimeona. Sikuisoma."

Upepo ulilichezea turubai. Mwalimu hakupandisha sauti, na hakuyaondoa macho usoni mwake.

"Kwa hiyo miezi miwili nimekuwa nikimwomba mke wangu msamaha kwa kosa lako."

Mkaguzi alifungua mkoba. Alimnyooshea bahasha. Mwalimu hakuipokea. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akavuka barabara hadi kwenye magofu ya duka la mbele. Mama Cherehani, mkono umeshapona, alikuwa amepiga magoti anachambua vyuma vya mashine. Alipomwona mzee amesimama kizingitini pake alibaki ameshika chuma hewani. Mwalimu alimsalimia, salamu ya kwanza kati yao tangu moto, kisha akasogea pembeni kumpisha mgeni.

"Mwambie," alisema. "Yote. Kama ulivyoniambia mimi."

Akamwambia. Mama Cherehani alisikiliza, na masimulizi yalipofika kwenye barua akamtazama mkaguzi kuanzia viatuni hadi usoni, polepole, kisha akakitazama kichwa cha Mwalimu, nywele nyeupe, na uso ukamwanguka. Alitaka kusema kitu kwa mzee. Mwalimu alikwishatoka. Alikuwa anakwenda nyumba ya pili, anatembea katikati ya barabara, amenyooka, bila kugeuka kuangalia kama anafuatwa.

Nyumba ya pili ilikuwa hema la ndugu wawili. Mwalimu aliita hodi, akasogea, akasema mwambie. Akawaambia.

Kwenye nyumba ya tatu mzee aliita hodi, na mlango wa turubai ukafunuliwa, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akachungulia. Safari hii Mwalimu hakuwahi kusema mwambie.

"Mimi ndiye niliyepokea barua," alianza mkaguzi.